Kwa nini mtu mzima anayetafuta kazi anakwenda steshenari na siyo maktaba ya mkoa?

#1 Msomaji wa Jioni
Wakuu, salaam.

Karibu kila makao makuu ya mkoa yana maktaba ya umma. Ina meza, viti, umeme na mtumishi anayelipwa mshahara. Ukitoka nje, mtaa huohuo, kuna steshenari ya chumba kimoja ambako watu wazima wamepanga foleni. Huyu anaombewa kazi serikalini, yule anaskani vyeti, mwingine anaandikiwa barua ya maombi ileile aliyoandikiwa aliyemtangulia, limebadilishwa jina tu.

Ukiingia maktaba unakuta nani? Wanafunzi wa kidato cha nne na cha sita wanajiandaa na mitihani. Mtu wa miaka 35 aliyeishia darasa la saba humwoni. Mwenye diploma anayezunguka na bahasha naye humwoni.

Mdogo wangu yamemkuta. Aliombewa kazi na kijana wa steshenari. Barua pepe kaifungua kijana, neno la siri analijua kijana, namba ya simu ya kurejesha akaunti ni ya kijana. Alipoitwa kwenye usaili, taarifa ikaingia kwenye akaunti ambayo hana namna ya kuifungua, na kijana alishahama. Alikuja kuliona jina lake kwenye orodha iliyokuwa inazunguka WhatsApp, usaili umeshapita.

Kwa nini maktaba haziifanyi kazi hii? Ni sheria, ni hela, ni mazoea, au ni sisi wenyewe tusioingia? Mwenye uzoefu amwage.

#2 Kitonga Mlimani
Maktaba ni urithi wa mkoloni, mkuu. Ile Maktaba Kuu ya Dar aliijenga Mwingereza ili makarani wake wapate pa kusomea magazeti. Mtu wa kawaida hakuwamo kwenye hesabu tangu siku ya kwanza, na haitabadilika leo.

#3 Mwalimu Mstaafu
Kitonga, hapana. Maktaba Kuu ya Taifa, hapo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Disemba 1967, tukiadhimisha miaka sita ya Uhuru. Sheria iliyounda Bodi ya maktaba ni ya 1963, ya Bunge letu wenyewe. Ni kweli mkurugenzi wa kwanza, Max Broome, alikuwa Mwingereza, lakini aliajiriwa kupeleka maktaba mikoani, na baada yake akashika Mtanzania, Ezekiel Kaungamno.

Na mtu wa kawaida alikuwamo kwenye hesabu, tena mbele. Mwalimu alipotoa mpango wa kwanza wa miaka mitano, 1964, alisema tuanze na watu wazima, kwa sababu watoto wasingeugusa uchumi kwa miaka mitano, kumi, hata ishirini. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka uliofuata chama tawala, TANU, kikaazimia kutojua kusoma na kuandika kufutwe ifikapo mwisho wa 1975.

Nilifundisha kisomo Ukerewe, mojawapo ya wilaya zilizotakiwa kutangulia, pamoja na Mafia. Vitabu vilifuata kazi ya mtu. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa habari za pamba, mvuvi kwa nyavu na samaki, watu wa Bukoba kwa migomba. Kiliitwa kisomo chenye manufaa. Aliyehitimu hakuachwa asahau herufi: kijijini kulikuwa na maktaba ndogo, na kulikuwa na gazeti la Elimu Haina Mwisho lililotoka Mwanza. Kijana, hiyo ndiyo ilikuwa huduma ya kazi ya wakati ule. Mtu anakwenda chama cha ushirika, anausoma mzani mwenyewe, anaisoma stakabadhi yake mwenyewe, haibiwi.

Iliyoua ni hela. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, karatasi kuadimika, kisha miaka ya 1980 bajeti za huduma za jamii zikakatwa. Mwalimu wa kisomo alikosa hata posho yake ndogo. Vitabu vikaliwa na mchwa, havikuletwa vingine.

#4 Mzee wa Skani
Mwenye steshenari nimefika, maana naona tunasemwa.

Ndugu wa #1, pole kwa mdogo wako, kijana yule alikosea. Lakini usituweke wote kapu moja. Mteja anakuja hana barua pepe kabisa. Namwambia aifungue kwa simu yake, simu ni ya kitochi. Namwambia aandike neno la siri kwenye daftari, anasema "we liweke tu unalolijua". Kesho yake amesahau hata jina la akaunti. Nyuma yake watu sita wanasubiri, na umeme ukikatika wote wananidai.

Mimi nafungua alfajiri, nafunga usiku. Bodaboda anakuja kuomba kazi akimaliza mizunguko, mama wa mgahawa anakuja akifunga jiko. Maktaba inafungwa wakati wateja wangu ndio kwanza wanashuka kwenye daladala. Kama mnatafuta sababu, ianzeni hiyo ya saa.

#5 Kitonga Mlimani
Mwalimu shikamoo, na asante kwa tarehe. Ila tuliosoma historia tunajua hizo takwimu za kisomo zilipambwa. Zilisema kufikia 1986 wasiojua kusoma wamebaki chini ya 10%. Halafu sensa za karne hii zote zinatoa asilimia kubwa kuliko hiyo. Watu walisahau au hawakuwahi kujua?

#6 Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Ilikuwa 9.6%, kutoka zaidi ya theluthi mbili mwaka 1967. Mitihani ilikuwapo kweli, ya taifa, 1975, 1977, 1981, 1983 na 1986, na mtu alipangwa kwa hatua. Ubishi wa haki ni juu ya hatua ipi mtu ahesabiwe kuwa anajua. Aliyesoma sentensi fupi akahesabiwa, kisha akakaa miaka kumi bila kitu cha kusoma, sensa itamkuta amerudi alikotoka. Ndiyo maana nasisitiza maktaba. Darasa bila kitabu cha kuendelea nacho linapotea. Na waliozaliwa baadaye wakakosa shule ni hesabu nyingine kabisa, hao hawakuwahi kupita kisomoni.

#7 Dada Sauda
Nimesoma wote kimya, sasa naomba niseme langu kwa sababu mimi nimepata elimu ndani ya maktaba.

Niliacha shule kidato cha pili kwa ujauzito. Wakati wetu ulikuwa huruhusiwi kurudi, waraka wa kuruhusu wasichana warudi umekuja mwishoni mwa 2021, mimi mwanangu alishakuwa mkubwa. Nikaamua kusoma kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikafanya QT, yaani mtihani wa kupimwa kama unastahili, kisha mtihani wa kidato cha nne. Nyumbani kusoma haiwezekani: mtoto, wapangaji, redio ya jirani. Ningesomea kituo cha mtaani, kila mtu angejua Sauda anarudia shule.

Maktaba hakuna aliyeniuliza. Nilikaa meza ya nyuma na vitabu vyangu, mkutubi hakunisemesha, nami sikutaka anisemeshe. Wapo wanaosema ukimya ni ubaya wa maktaba. Kwangu ukimya ndio ulikuwa msaada wenyewe. Mkileta dawati la ajira, foleni, na watu wanaitwa majina, wanawake kama mimi watakimbilia wapi?

#8 Msomaji wa Jioni
Dada Sauda hongera sana. Hoja yako imenigusa, lakini hebu jibu hili: nani alikwambia kwamba kuna QT? Ulijuaje usajili unafunguliwa lini, masomo gani uchague, kituo gani?

#9 Dada Sauda
Jirani yangu mwalimu. Maktaba sikuambiwa kitu. Ukutani palikuwa na tangazo la saa za kufungua na la kuzima simu.

#10 Fundi Saiti
Mimi nawaza tofauti kidogo. Mnataka maktaba isaidie watu kuomba kazi. Kazi zenyewe ziko wapi? Nafasi zikitangazwa, waombaji ni wengi kuliko nafasi kwa mbali sana. Hata ukimfundisha kila mtu kuandika CV safi, nafasi haziongezeki hata moja. Mnapanga foleni upya tu.

Ninachokiona mimi kina maana ni ujuzi. Nimejenga miaka mingi bila cheti. Mhandisi akija saiti na tajiri wa maana, naambiwa "fundi, cheti?" Kumbe kuna mpango wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wa kurasimisha ujuzi: unapimwa kwa vitendo, pengo likionekana unafundishwa palepale, unapewa cheti cha kazi unayoijua tayari. Nilizijua habari hizi kwenye matangazo ya kanisani. Sina kumbukumbu ya kuingia maktaba tangu nimalize darasa la saba, na sijui kama wangeniambia.

#11 Mkutubi wa Mkoani
Wadau, mimi niko kazini maktaba ya mkoa, mkoa siutaji. Naomba niweke mambo sawa, maana humu tunapigwa kutoka pande zote.

Aliyeuliza kama ni sheria: siyo sheria. Ile ya 1963 ilifutwa na Sheria Na. 6 ya 1975, na ndani yake kuunga mkono kampeni za kisomo ni sehemu ya kazi za Bodi. Kwa hiyo hakuna anayetukataza.

Mnasahau viti. Njoo Septemba na Oktoba, kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Wanafunzi wako mlangoni kabla hatujafungua. Mtu mzima akifika saa nne hana pa kukaa, anageuza. Tuwafukuze watoto?

Kompyuta nazo. Tukiwa nazo ni chache, na intaneti inategemea kama imelipiwa mwezi huo. Mtu akiacha akaunti yake wazi kwenye kompyuta ya umma, anayefuata anaona namba yake ya NIDA, vyeti vyake, cheti cha kuzaliwa, kila kitu.

Halafu kuna hili ambalo watu hawalisemi. Mtu anakuja na kusema kwa sauti ya chini, "kaka, nijazie." Nikimjazia nikakosea mwaka wa kuhitimu, maombi yakakataliwa, lawama ni ya nani? Steshenari ikikosea unagombana na mtu binafsi. Mimi nikikosea, imekosea serikali. Wenzangu wengi wamechagua kusema "hatutoi huduma hiyo" na kulala usingizi. Siwatetei, ila siwezi kusema hawana sababu.

#12 Kandokando ya Ziwa
Mkutubi, hapo kwenye lawama umesema ukweli ambao wakubwa wako hawausemi. Ila jibu lipo. Usimjazie, mfundishe ajaze. Kidole kiwe chake, wewe simama pembeni. Akikosea amekosea yeye, na mara ya pili hatakuhitaji.

#13 Mzee wa Skani
Kandokando, umewahi kumfundisha mtu wa miaka 50 kushika kipanya? Jaribu siku moja halafu urudi hapa. Siyo kazi ya dakika kumi, na huyo mtu kesho ndiyo siku ya mwisho ya maombi. Mtu mwenye haraka hafundishiki. Anayefundishika ni yule aliyekuja kabla ya tangazo.

#14 Omosh wa Umoja
Majirani habari. Huku Nairobi steshenari hizo tunaziita saiba, hadithi ni ileile. Kijana anafunguliwa akaunti ya eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na mwenye saiba, akirudi baada ya mwaka hajui neno la siri.

Kitonga, kama unatafuta maktaba ya mkoloni kweli, njoo uone McMillan katikati ya Nairobi. Ilifunguliwa 1931, na mpaka 1958 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Hiyo sasa ndiyo unayoizungumzia. Lakini ona ilikofika: shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017, limeshirikiana na kaunti na kukarabati matawi ya Kaloleni na Makadara kule Eastlands. Siku hizi mambo ya jamii yanafanyika humo, siyo watoto wa mtihani tu.

Upande wa taifa, shirika la maktaba la knls limekuwapo tangu 1965. Garissa walianza kupeleka vitabu kwa ngamia 1996. Msomaji hakungojwa aje mjini, alifuatwa kwenye malisho. Kwa hiyo mimi swali la "kwa nini watu wazima hawaji" naligeuza: kwa nini maktaba haiendi?

#15 Kitonga Mlimani
Omosh, karibu. Kiswahili chako leo kimenyooka, nani amekuandikia? 😀

#16 Omosh wa Umoja
Nimekiazima maktaba, nitakirudisha wiki ijayo 😀

Na niongeze shida yetu pia. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti maktaba. Kaunti inayojali imejenga, isiyojali imeacha. Msidhani kugatua peke yake kunatosha.

#17 Mwana Ujiji Ohio
Habari wana jamvi. Niko Marekani, mji mmoja wa Ohio. Nilipofika, watu wa kwanza kunisaidia bila kuniuliza pesa ni wa maktaba. Kuna madarasa ya Kiingereza ya jioni, mtu wa kukuandalia CV, mazoezi ya mahojiano ya kazi. Watu wa Bukavu na Uvira ninaoishi nao, waliopita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa huku, wamesomea humo maswali ya uraia. Mwaka 2013 idara ya uhamiaji ya huku na taasisi ya taifa ya maktaba walitia saini makubaliano ya kushirikiana kwa hilo.

Na siyo hisani ya mkutubi mmoja mwenye roho nzuri. Sheria yao ya ajira na mafunzo ya 2014 inazitaja maktaba za umma kwa jina kama washirika. Mwaka huohuo maktaba ya Los Angeles ilianza kutoa nafasi kwa watu wazima kumaliza sekondari kupitia intaneti na kupata diploma halisi. Lawama aliyoitaja Mkutubi imepatiwa mwenyewe: kuna mtumishi ambaye hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa nayo.

#18 Fundi Saiti
Ohio, kila uzi lazima utuletee Ohio. Bajeti ya maktaba ya mji wako mmoja ni sawa na ya mikoa mingapi huku?

#19 Mwana Ujiji Ohio
Fundi, sibishani juu ya bajeti. Naongelea mpangilio. Kujua mahali darasa lilipo na kumwelekeza mtu hakuhitaji dola. Dada Sauda aliambiwa QT na jirani. Wewe uliambiwa VETA kanisani. Karatasi moja ukutani ingewatosha wote wawili.

#20 Mpwa wa Whitechapel
London nako kuna mfano unaofaa kuangaliwa. Mtaa wa Tower Hamlets walikuwa na maktaba kongwe zisizo na watu. Wakawauliza wakazi wanataka nini, kisha wakaunganisha maktaba na elimu ya watu wazima chini ya paa moja. Ya kwanza ilifunguliwa Bow mwaka 2002, ya Whitechapel 2005, palepale sokoni, kina mama wa Kibangali wanaingia na mifuko ya mboga. Wakaziita Idea Store.

Baadhi ya wazee walichukia. Walisema maktaba imegeuzwa duka, vitabu vimesukumwa pembeni. Mpaka leo kuna wanaosema hivyo. Kwa hiyo wasiwasi wa Dada Sauda unafanana na wao, na sioni kama ni wa kupuuza.

#21 Shangazi wa Chake
Hamjambo. Mmesahau Visiwani, sisi tuna shirika letu la maktaba, kuna ya Maisara Unguja na hapa Chake Chake. Nami nakubaliana na Mzee wa Skani kuhusu saa. Mwanamke wa mwani yuko baharini maji yakitoka, akirudi ana jikoni. Ukimwambia darasa ni saa tatu asubuhi, hatakuja, halafu mtasema hana hamu ya kusoma. Madarasa yetu ya kisomo yaliyofaulu yalikuwa alasiri na yalikaa karibu na nyumba za watu. Jengo zuri mjini halimsaidii anayetakiwa kulipa nauli kwenda na kurudi.

#22 Msomaji wa Jioni
Shangazi, nashukuru kwa hilo la bahari, sikuwa nimelifikiria.

Mpaka sasa nimepata: saa za kufungua (Mzee wa Skani, Shangazi), viti na woga wa lawama (Mkutubi), hela (Mwalimu), kazi zenyewe hazipo (Fundi), maktaba haiendi kwa watu (Omosh), na Dada Sauda anayesema iacheni kama ilivyo. Bado mimi naamini kubwa ni kwamba taasisi haziongei. Bodi ya maktaba iko peke yake, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima (TEWW) iko peke yake, ajira iko peke yake, kila moja na wizara yake.

#23 Mwalimu Mstaafu
Rekebisha hapo. Bodi ya Huduma za Maktaba na TEWW ziko wizara moja, ya Elimu. Tena zina umri mmoja kisheria: Bodi ni Sheria Na. 6 ya 1975 na TEWW ni Na. 12 ya mwaka huohuo, ingawa chimbuko la TEWW ni 1960, kama tawi la masomo ya nje ya Makerere. Kilicho mbali ni ajira tu. Huduma za ajira zimekuwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na Sekretarieti ya Ajira iko upande wa Utumishi. Kama ndugu wawili wa nyumba moja hawaongei, usimlaumu jirani.

#24 Kandokando ya Ziwa
Mwalimu amemaliza hapo 👏🏾

#25 Kitonga Mlimani
Mimi nalo langu ni aibu, hamjaligusa sawasawa. Mtaani ukionekana unaingia maktaba na umri wako unaulizwa "unasoma nini tena?" Steshenari hakuna anayekuuliza, unaonekana una shughuli. Mjomba wangu hajui kusoma. Anabeba gazeti kila asubuhi, kwenye kijiwe anauliza wenzake "mmeiona hii?" ili wao waanze kuisoma kwa sauti. Mtu wa namna hiyo huwezi kumpata kwa tangazo ukutani, maana tangazo lenyewe ni la kusomwa. Ohio, karatasi yako inamsaidia Sauda na Fundi. Mjomba wangu haimsaidii.

#26 Mwalimu Mstaafu
Ndiyo maana tulitumia redio. "Mtu ni Afya" ya 1973 ilikuwa vikundi vya kusikiliza redio, mtu mmoja anayejua anawasomea wenzake kitabu, wanajadili, kisha wanachimba vyoo. Waliohudhuria walikaribia milioni mbili nchi nzima. "Chakula ni Uhai" ikafuata 1975. Mjomba wako angekaa humo bila aibu kwa sababu kila mtu alikuwa anasikiliza, anayejua na asiyejua.

#27 Mkutubi wa Mkoani
Kitonga, habari ya mjomba imeniuma. Wanakuja wa namna hiyo. Anashika kitabu, anafunua kurasa, anakirudisha. Tunajua. Hatujafundishwa la kufanya. Chuo chetu cha Bagamoyo kinatufundisha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka, kupanga, kutunza na kutafuta taarifa. Kufundisha mtu mzima ni taaluma nyingine, ina namna yake ya kusema na mtu bila kumfanya mtoto.

Sisi hapa tumeanza jambo dogo, bila barua ya mtu. Jumatano mchana, wanafunzi wakiwa darasani, meza mbili ni za watu wazima. Wanaokuja wengi wanataka vitu vitatu: barua pepe yao wenyewe, kugeuza vyeti kuwa PDF, na kujizoeza kutumia kompyuta, kwa sababu usaili wa mchujo wa baadhi ya kada siku hizi unafanyika kwenye kompyuta. Mtu ana digrii, lakini kipanya kinamtetemesha, muda unaisha hajafika katikati ya maswali. Nafuata alivyosema Kandokando, mkono ni wake. Na nimemwomba jamaa mmoja wa steshenari jirani aje kusaidia.

#28 Mzee wa Skani
Yeye anakuja bure? Muda wake nani anaulipa?

#29 Mkutubi wa Mkoani
Anakuja kwa sababu anaowafundisha wanarudi kwake kuchapa na kuskani, tena hawamsumbui na maneno ya siri. Mwenyewe ndiye aliyesema.

#30 Mzee wa Skani
Hapo nimeelewa. Basi waambieni wote jambo moja, linaokoa wengi: namba ya kurejesha akaunti iwe ya laini iliyosajiliwa kwa jina lako, siyo ya mtoto wala ya mume. Laini ikipotea irejeshwe palepale, usinunue mpya. Neno la siri liandikwe nyuma ya daftari la nyumbani, siyo kwenye simu hiyohiyo. Na vyeti ukishaskani, jitumie kwenye barua pepe yako, usiniachie mimi kwenye mashine. Kila mwezi nafuta vyeti vya watu nisiowakumbuka.

#31 Dada Sauda
Mkutubi, Jumatano mchana ni sawa kwangu, nimekubali. Lakini ile meza ya nyuma msiiguse.

#32 Fundi Saiti
Mimi bado nasema mnatibu dalili. Ila nikiwa mkoa huo Jumatano nitapita, nina mafundi wanne hawajui kabisa habari za kurasimisha. Mkutubi, fomu za VETA mnazo, au nije nazo?

#33 Mkutubi wa Mkoani
Hatuna. Njoo nazo.

#34 Mgeni Nzega
Samahani kwa kuchelewa. Mama yangu mdogo ana miaka 41, aliishia kidato cha pili, anataka kufanya mtihani wa kidato cha nne. Aanzie QT au aende moja kwa moja? Maktaba iko mbali na sisi.

#35 Dada Sauda
Mgeni, karibu. Kwanza atafute cheti au matokeo yake ya kidato cha pili, akiulizie kama kinamtosha kabla ya kulipia QT, wengine wamelipa bila sababu. Aulize ofisi ya TEWW ya mkoa au kituo cha watahiniwa wa kujitegemea, siyo mtu wa mtaani. Usajili una tarehe zake na faini ya kuchelewa, kwa hiyo aulize mapema. Masomo achague machache anayoyaweza, asijaze mengi kwa tamaa. Hisabati inataka mtu wa kumwelekeza, zilizobaki anaweza kusoma mwenyewe. Yuko Nzega mjini au kijijini? Kama ni mjini kuna mwanamke ninayemfahamu aliyesoma hivyohivyo, nikipata ruhusa yake nitakuunganisha naye.